Sura ya Sita: Kumkodi Nahodha

Mtu aliyekodi boti ya uvuvi kwa siku moja, iwe Dar es Salaam, Mafia au Watamu, akirudi husimulia boti. Injini zilikuwa mbili, kivuli kilikuwepo, soda zilikuwa za baridi, na nyuma kulikuwa na kiti cha kukalia anayepambana na samaki. Muulize nahodha aliitwa nani, atakuna kichwa. Sura hii inamhusu huyo aliyesahauliwa. Katika kila safari ya uvuvi wa kukodi, ya familia au ya marafiki waliochangishana, sehemu kubwa ya fedha inanunua chombo na mafuta, lakini kinachowapatia samaki na kuwarudisha nyumbani wazima ni akili ya mtu mmoja. Akili hiyo haiandikwi kwenye risiti, na wateja hawaiulizii mpaka mambo yaharibike.

Sitaanzia baharini, ingawa huko ndiko biashara hii ilikokulia. Nitaanzia mahali ambapo chombo chenyewe ni gogo lililochongwa, hivyo hakuna injini wala kiti cha kuzunguka cha kumtia mteja tamaa. Mahali hapo ni Kivukoni, kusini mwa Ifakara, pale barabara ya Mahenge inapovuka Mto Kilombero.

Kwa miaka mingi kila aliyekwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alisimama hapa akingoja pantoni. Mvua ikizidi na mto ukifura, safari ililala. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama hapa kikiwa na abiria na magari. Wakati huo daraja lilikuwa tayari linajengwa. Lina urefu wa mita 384, Rais John Magufuli alilizindua Mei 2018, nalo likapewa jina lake. Siku hizi basi linapita juu kwa dakika moja, na abiria aliyesinzia hajui kama amevuka mto. Chini kumebaki wenye shida na mto wenyewe: wavuvi, wapiga pondo, watu wa kupeleka mizigo kwenye mashamba ya mpunga, na mara mojamoja kundi la watu kutoka mjini waliojipangia Jumapili ya kwenda kuvua.

Kundi hilo ndilo ninaloliandikia. Si watalii. Ni walimu wa sekondari, wauguzi, vijana waliosoma pamoja, au ukoo uliokusanyika kwa Krismasi na kuchoka kukaa sebuleni. Wana ndoana walizonunua dukani, nailoni iliyoviringishwa kwenye chupa, na imani kwamba mto wenye samaki wengi hauhitaji maarifa mengi. Samaki kweli wapo. Bonde la Kilombero, lililolala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, ni miongoni mwa ardhioevu kubwa za maji baridi Afrika Mashariki; mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Kambale, perege, ngogo na kitoga wanalisha mji mzima. Shida ni kwamba mto huu haukai mahali pamoja. Mvua zikinyesha toka Novemba hadi Mei, maji hupanda na kufunika mbuga, na samaki huyafuata nyasini kutaga na kula. Machi na Aprili unaweza kushinda juu ya maji yenye upana usioonekana mwisho na usipate hata dagaa, kwa sababu samaki wametawanyika kila upande. Kiangazi maji yakirudi kwenye mkondo na mabwawa yakianza kukauka, samaki hubanana. Hapo ndipo ujuzi wa bwawa lipi bado lina mlango wa kuingilia mtoni, na lipi limefungwa toka wiki iliyopita, unapokuwa na thamani kuliko ndoana yoyote.

Ujuzi huo hausomwi kwenye ramani. Wandamba, wenyeji wa bonde hili waliozaliwa na kulelewa na mto, wanaujua kwa kuupita kila siku. Mkondo uliokuwa huku mwaka jana mwaka huu umejaa mchanga, na kisiwa cha matete kilichokuwa upande wa Ifakara kimesogea. Kwa hiyo unapofika ukingoni, mtu wa kwanza wa kumtafuta si mwenye mtumbwi mzuri. Mtafute aliyekuwa mtoni jana.

Mazungumzo ya kukodi huenda hivi, kama watu wana adabu:

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnakwenda wapi?”

“Tunataka kuvua kidogo na watoto. Maji leo yakoje?”

“Yameshuka. Mko wangapi?”

“Tisa. Watatu watoto.”

“Basi mitumbwi mitatu.”

Hapa ndipo safari nyingi zinapoanza kuharibika, kwa sababu lazima atatokea shemeji mmoja mwenye sauti kubwa wa kusema: “Mzee, si tubanane tu kwenye miwili?” Mzee akiwa na njaa ya fedha atakubali. Akiwa mzoefu atakataa, na shemeji ataona ameringiwa. Kukataa huko ndiyo bidhaa bora mtakayoinunua siku hiyo. Mtumbwi uliolemewa hupoteza kimo juu ya maji. Mtoto mmoja akisimama kwa furaha ya kuona ngogo, ukingo unanywa maji. Kilombero ina mamba na ina viboko. Nahodha asiyeweza kuwaambia wateja “hapana” wakati wote mko nchi kavu hataweza kuwaambia mkiwa katikati ya mto.

Kuhusu viboko, watu wa mjini huwaogopa mahali pasipo hatari na kuwasahau penye hatari. Kundi la viboko lililolala katikati ya maji, masikio juu, linaonekana, na mpiga pondo atalizunguka kwa mbali. Wa kuogopwa ni yule mmoja ambaye hamjamwona. Usiku kiboko hutoka kwenda kulisha nchi kavu, alfajiri hurudi, na mtumbwi ukikaa kati yake na kina cha maji ataupitia juu yake bila kuona aibu. Ndiyo maana wenyeji hawapendi kuambaa ukingo wenye nyasi ndefu saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile ambayo mgeni anaisifu kwa picha nzuri. Mkisikia mzee anagonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo kila baada ya muda, msimuulize kwa nini anawafukuza samaki.

Sasa twende baharini, na hatutakuwa tumehama maji. Kilombero hupokea Mnyera, Ruhudji, Mpanga na mito mingine, kisha hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Rufiji hupita Bwawa la Nyerere, likiwa sasa na mitambo ya megawati 2,115, hadi kwenye delta yenye misitu mikubwa ya mikoko. Mbele ya delta ndipo kilipo kisiwa cha Mafia, na Mafia ni moja ya sehemu ambako familia na makundi ya marafiki hukodi boti kwenda kuvua samaki wakubwa. Nyingine ni Dar es Salaam na Unguja, ambako boti zenye uwezo huenda hadi Latham, au Fungu Kizimkazi kama wanavyokiita wavuvi: kisiwa kidogo kisicho na wakazi, chenye maelfu ya ndege wa baharini, kilichozungukwa na kilindi. Kaskazini zaidi kuna Mkondo wa Pemba, Shimoni, Watamu na Malindi. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na toka wakati huo kila hoteli ya pwani ile imemtumia kuuza vyumba.

Utaratibu wa baharini ni wa kurambaza. Boti inakwenda taratibu, nyuma inakokota mishipi minne, mitano au sita yenye chambo, mara nyingi ngisi wa plastiki wa rangi kali, na watu wanangoja. Kungoja ndiko kunakochukua siku. Kaskazi, toka Desemba hadi Machi, ndiyo msimu wa sulisuli na nduaro, na bahari yenyewe ni ya kirafiki. Kusi ikishika katikati ya mwaka mawimbi huwa makali na makundi yenye watoto yanashauriwa kubaki ndani ya miamba na kutafuta kolekole. Jodari na nguru wana nyakati zao, na maleleji, pale upepo unapobadilisha mwelekeo, huwa na siku tulivu ajabu ambazo nahodha mzuri huziwinda kama anavyowinda samaki.

Tazama macho yake. Mteja anaangalia mishipi. Nahodha anaangalia mbali. Ndege wakizama na kuinuka mahali pamoja, chini kuna samaki wadogo wanaofukuzwa juu, na chini ya wadogo wapo wakubwa. Mstari ambapo maji ya kijani yanakutana na ya buluu, wenye povu na majani yaliyoelea, ni barabara ya kulishia. Gogo linaloelea lina fulusi chini yake. Siku hizi kuna mashine ya kuonyesha kina na samaki kwenye kioo, na ni msaada mkubwa, lakini kioo kinaonyesha kilicho chini ya boti wakati huo. Hakisemi mkondo utageuka saa ngapi. Manahodha wengi wa boti hizi, hata zile zenye wamiliki wa kigeni, ni watoto wa wavuvi wa ngalawa na mashua, na walijifunza hayo kabla hawajaona injini ya pili.

Kosa kubwa la makundi ya baharini ni kupanga siku kwa kipimo cha mtu mwenye hamu kuliko wote. Kila kundi lina mmoja: ana kofia ya uvuvi, ametazama video, anataka kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi magharibi. Wengine wanakubali kwa kutojua. Saa nne asubuhi shangazi amelala sakafuni anatapika, watoto wanauliza kama kuna choo, na nahodha analazimika kuchagua kati ya samaki waliokuwa ndio kwanza wameonekana na binadamu waliochoka. Kwa maoni yangu kundi lenye mtu asiyewahi kwenda kilindini likodi nusu siku, hata kama bei ya siku nzima inaonekana rahisi ukigawanya kwa saa. Vidonge vya kichefuchefu vinywewe kabla ya kuondoka. Vikinywewa boti ikishayumba, vinarudi vyote. Na nahodha aambiwe mapema, mbele ya watu wote: fulani akishindwa, tunageuza. Likishasemwa hivyo, yule wa kofia hatakuwa na kesi.

Kisha kuna suala la samaki ni wa nani. Baharini ugomvi huu ni wa kweli, kwa sababu jodari mkubwa ana thamani ya fedha nyingi. Boti nyingine humhesabu samaki kuwa wa mteja, nyingine humhesabu wa boti na kumpa mteja minofu ya chakula cha jioni, nyingine hugawana. Hakuna utaratibu mmoja pwani nzima, hivyo uulizwe kabla ya kulipa. Kwa sulisuli na nduaro desturi imebadilika: wengi hurudishwa majini hai, na upande wa Kenya wamekuwa wakitiwa alama yenye namba toka mwishoni mwa miaka ya 1980 ili wakivuliwa tena ijulikane walikokwenda. Mjomba aliyelipia boti akitegemea kupeleka sulisuli nyumbani, akamwona anaachiwa baada ya picha, atanuna njia nzima. Ana haki ya kununa kama hakuambiwa.

Kuachia samaki kunaturudisha Kilombero, lakini juu ya mto, kunakofikiwa na fedha nyingine kabisa. Mnyera na Ruhudji, mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Mufindi na Njombe, inajulikana na wavuvi wa burudani duniani kwa samaki mmoja wanayemwita taigafishi. Ana mistari ubavuni na meno yanayoonekana hata akifunga mdomo, na kwenye mito hii amevuliwa akizidi kilo 10. Nailoni tupu anaikata, kwa hiyo mbele ya ndoana huwekwa waya wa chuma. Mdomo wake ni mfupa karibu wote, ndoana haipati pa kushika, hivyo kati ya wanaogonga wengi huruka juu ya maji, wakatikisa kichwa na kuondoka. Watafiti wa Afrika Kusini waliwaona wa jamii yake katika bwawa la Schroda wakiwadaka mbayuwayu hewani. Kampuni ya Tourette Fishing ya Afrika Kusini, ambayo baadaye ilijiita African Waters, ndiyo iliyoitangaza mito hii, ikipeleka makundi madogo kwenye maeneo yaliyokuwa ya kampuni za uwindaji. Wateja huruka kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, hulala kambini kwa wiki, huvua kiangazi mto unapokuwa umesafika, na humwachia kila samaki.

Mvuvi wa migono wa Kivukoni akielezwa kwamba mtu amelipa dola elfu kadhaa ili amchoshe samaki kisha amwachie, hucheka, na sioni kwa nini asicheke. Ila biashara ile imeelewa jambo moja ambalo boti nyingi za pwani hazijalielewa. Imeweka kiongozi mmoja kwa wavuvi wawili. Bei yote imejengwa juu ya huyo anayekaa nao siku nzima, anayejua kona ipi ya mto ina kina na gogo, na anayemwambia tajiri kutoka Johannesburg kwamba anarusha vibaya. Chombo ni boti ya kawaida ya bati. Hakuna anayelalamika.

Kundi la Jumapili la Ifakara haliwezi kununua ndege, lakini linaweza kuiga hesabu hiyo. Watu tisa kwa mitumbwi mitatu ni wapiga pondo watatu, kila mmoja na watu watatu wa kuwaangalia. Ni ghali kidogo kuliko kubanana, na ndiyo tofauti kati ya kuvua na kusafirishwa. Mabadiliko mengine niliyoona yanafaa ni madogo. Majaketi ya kuokolea yaletwe na kundi lenyewe. Msitegemee kuyakuta ukingoni, na ya watoto yawe ya saizi yao, maana jaketi la mtu mzima humpanda mtoto hadi masikioni na kumwacha azame chini yake. Safari ianze jua likishatoka vizuri na iishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Sababu moja ni viboko. Ya pili ni mbu: huu ndio mji ambao Rudolf Geigy alianzisha maabara ya Waswisi mwaka 1957, iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, na watafiti wake wamewasoma mbu wa bonde hili kwa miongo kadhaa bila kuishiwa kazi.

Na kila kundi lina mtu asiyependa kuvua kabisa. Msimlazimishe kushika mshipi. Kivukoni ana bahati kuliko angekuwa Latham, kwa sababu matete ya hapa yana mnana wa Kilombero, ndege wa bonde hili tu, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1990. Pamoja naye wapo ndege wengine wawili wadogo wa kahawia, walioonekana miaka ya 1980 na kusubiri hadi 2021 kuandikwa rasmi kama spishi. Watu huvuka bahari kuja kuwatafuta jirani na daraja. Mwambieni mpiga pondo wake asimame karibu na matete, na muwaache.

Linabaki suala la mpaka. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inataka leseni, na makokoro na nyavu za macho madogo ni marufuku hata kama ni kwa burudani. Zaidi ya hapo, mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, na wapo wanavijiji ambao mabwawa waliyozoea sasa yapo upande wa pili wa mstari. Kundi la mjini halina njia ya kuuona mstari huo majini. Hauna kamba wala bendera. Ulizeni ofisi ya kijiji kabla ya siku yenyewe, na mkiwa mtoni, mpiga pondo akisema tunaishia hapa, msianze kumwongezea fedha ili asogee mita mia mbili. Nyinyi mtarudi Ifakara na chupa zenu za nailoni. Akikamatwa, mtumbwi unaochukuliwa ni wake, na ndio shamba lake.

Malipo yafanyike ukingoni, mkononi mwa aliyepiga pondo, si kwa dalali aliyewapokea barabarani. Dalali alipwe chake pembeni. Kisha samaki wamwagwe kwenye nyasi na mgao uanze, fungu la kwanza likiwa la mwenye mtumbwi, na achague mwenyewe. Msishangae akiwaachia yule kambale mkubwa mliyempiga picha na kuchukua perege watano wa saizi ya kiganja: wanatosha kikaango kimoja, na watoto wake hawapendi kambale.